Nafasi Kwenye Mkeka

Mama Rehema alizikwa Ijumaa baada ya swala, mimi nikafika Shinyanga Jumamosi mchana, miguu imevimba kwa safari ya basi kutoka Geita. Habari ya msiba nilipewa kwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani anayeuza vitenge pale mjini. Aliitaja katikati ya mazungumzo mengine, kama jambo la kupita, na hakujua kwamba tulipoagana nilibaki nimekaa jikoni mpaka maji ya chai yakakaukia kwenye sufuria. Nyumba niliitambua bila kuelekezwa. Bati lilikuwa jipya na baraza limesakafiwa upya, lakini ukumbi ulikuwa uleule, mrefu na mwembamba, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, na mwisho wake mwanga wa uani. Niliwapa pole wanawake waliokaa kwenye mikeka, nikajitaja kuwa ni Mwalimu Monika, niliwahi kupanga humu zamani. Walinikaribisha kwa ile heshima wanayopewa wazee wasiojulikana. Rehema, binti wa marehemu, alikuwa ameingia chumbani kupumzika, kwa hiyo mjukuu wake aitwaye Salma, mwalimu kijana, alinishika mkono anipeleke kwa bibi yake. Katikati ya ukumbi akasimama mbele ya picha.

Nadhani ndivyo anavyomfanyia kila mgeni. Alinyoosha kidole akaniambia, "Hii aliichora babu yetu, Mzee Shabani. Huyu mwenye kofia ni yeye mwenyewe. Huyu anayemimina uji ndiye bibi mkubwa, tuliyemzika jana. Huyu anayecheka ni bibi Rehema, huyu babu Jumanne, na huyu mdogo ni Hamisi, alifariki zamani." Watu watano walikuwa wamekaa kuzunguka sinia la futari. Kati ya Rehema na mama yake palikuwa na sehemu ya mkeka isiyokaliwa na mtu, miaa yake imechorwa kwa uangalifu kuliko mahali pengine pote. Nikamuuliza Salma, "Na hapa?" Akaisogelea picha, akaitazama kana kwamba hajawahi kupaona. "Hapo hakuna mtu, bibi," akasema. Nilimfuata chumbani kwa Rehema, na nilipokuwa natembea nilihisi hatua zangu zimekuwa za msichana wa miaka ishirini.

Nilifika katika nyumba ile Januari, miaka michache baada ya uhuru, nimetoka chuo cha ualimu na sanduku moja la bati. Kwetu kijijini niliitwa Kabula, shuleni nikawa Mwalimu Monika, na kwa majina hayo mawili nilikuwa kama watu wawili ambao hawajatambulishana vizuri. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, nami sikujua, kwa sababu kwetu hatukuufuata. Mwalimu mkuu alikuwa amenitafutia chumba kwa mchora mabango mmoja, na nilipoingia uani jua lilikuwa linazama, familia nzima imekaa kwenye mkeka kimya, inasubiri adhana. Nilidhani nimeingilia ugomvi. Kisha muadhini akaita, kila mtu akachukua tende, na Mama Rehema akaniambia, "Weka sanduku chini, mwanangu. Maneno baadaye." Akasogea, Rehema naye akasogea, nikapata nafasi katikati yao. Nilikula mihogo ya karanga na kunywa uji wenye pilipili manga hadi nikatoa jasho puani. Kodi, ufunguo, choo kiko wapi, mambo hayo yote niliambiwa baada ya kunawa.

Mzee Shabani alikuwa mwembamba, mpole, na vidole vyake havikuwahi kuwa na rangi moja. Babu yake alitoka Ujiji, mama yake alikuwa Msukuma wa upande wa Kahama, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha mjini lakini alipokasirika au kufurahi sana kilirudi kwa mama yake. Kazi yake ilikuwa kuandika majina kwenye milango ya malori ya pamba na kuchora vichwa vya watu walionyolewa vizuri kwenye vibanda vya vinyozi. Rangi iliyobaki kwenye makopo aliirudisha nyumbani, na alasiri alipomaliza kuswali alikaa uani karibu na karo la kufulia, akachora kwa ajili yake mwenyewe juu ya mbao nyembamba za masanduku ya chai. Hakuchora simba wala mlima. Alichora Hamisi akiogeshwa kwenye karai, sabuni imemwingia machoni. Alichora Rehema akisukwa nywele, uso umekunjwa kwa maumivu, magoti ya mama yake yamembana mabega. Alichora Jumanne amelala juu ya daftari la hesabu. Wakati wa kuwachora hakumwita mtu akae mbele yake. Alikuwa ameshawaona zamani, wakati wao hawamwoni. Aliniambia siku moja, "Watu wakienda studio kupigwa picha wanasimama kama waliokamatwa na polisi. Mimi nataka mtu akiwa nyumbani kwake." Baadhi ya majirani walinung'unika kwamba kuchora sura za watu si jambo jema, naye hakubishana nao. Chumba alichoswalia alikiacha kuta tupu, picha akazitundika ukumbini.

Ninapofikiri leo, naona kwamba chuo kilinifundisha kusomesha lakini nyumba ile ndiyo iliyonifundisha kukaa na watu. Chumba changu kilikuwa cha pili kushoto. Kuta hazikufika juu kwenye dari, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa na sikio moja. Nilijua Jumanne ameadhibiwa kwa nini, nilijua Mama Rehema anamlaumu mumewe kwa kuchora bango la hoteli bila kulipwa, nilijua Rehema anampenda kijana wa stesheni kabla hajaniambia. Nao walinijua hivyohivyo. Mwezi wa Aprili mvua zilipokolea nilishikwa na malaria kali, nikaanza kuweweseka kwa Kisukuma, namwita mama yangu, "Mayu, mayu." Ni Mama Rehema aliyeitika. Aliitika kila nilipoita, kwa siku tatu, akanipangusa mwili kwa kitambaa cha maji, akanilisha uji kwa kijiko, na nilipokataa alinitisha kwa sauti ileile aliyomtishia Hamisi. Nywele zilinyonyoka kwa homa, akazinyoa zilizobaki, na kwa miezi miwili nilifunga kanga yake kichwani kila nilipotoka chumbani.

Mwezi wa sita, malori ya pamba yalipoanza kupita barabarani na nyuzi nyeupe kutapakaa kwenye majani ya miiba, Mzee Shabani alitundika picha kubwa kuliko zote alizowahi kuchora. Ilikuwa ile futari. Aliwachora wote, na kati ya Rehema na mama yake alinichora mimi, kanga kichwani kama nilivyokuwa tangu ile homa, nimeinama mbele kuchukua kipande cha muhogo, mdomo tayari umefunguka. Ilikuwa sura ya mtu mwenye njaa ambaye haoni haya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamuuliza kwa nini ameniweka mle, nami ni mpangaji tu. Alikuwa anasafisha brashi kwa mafuta ya taa. "Ninachora wanaokula hapa," akasema. Wiki ile nilimwandikia barua Mathias, mchumba wangu, fundi wa mitambo katika mgodi wa dhahabu kule Geita, nikamweleza habari za shule, za mvua, za nywele zinazoota. Habari za picha sikumwandikia. Nilitaka aione kwa macho yake.

Aliyeiona kwanza ni shangazi yake. Mama Anastazia alifika Agosti, amepanda treni kutoka Mwanza kwenda kwa nduguye kule Isaka, akashuka Shinyanga makusudi aje amtazame mchumba wa mtoto wa kaka yake. Alikuwa mwanamke mkubwa, msafi, mwenye rozari shingoni, kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Mama Rehema alimpikia wali na kuku, akamtandikia kitambaa cheupe kwenye meza ambayo hatukuitumia siku za kawaida. Wakala, wakaongea habari za mvua na bei ya nguo. Nilipomsindikiza kutoka, Mama Anastazia akasimama ukumbini mbele ya picha ya futari.

"Huyu si wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi, shangazi."

"Umejitanda kanga. Unafuturu." Alisema kwa sauti ya chini, bila ukali, na hilo ndilo lililonitisha. "Umeshasilimu, na sisi hatukuambiwa?"

Nikamweleza kwamba nilikuwa mgonjwa, nywele zilinyonyoka, ni chakula tu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimeelewa, mwanangu. Lakini Mathias anakuja Oktoba na baba yake. Watu hawataulizia nywele zako. Wataona wanachokiona." Alinishika bega, akaenda zake stesheni.

Nimejaribu miaka yote hii kumfanya Mama Anastazia awe mwenye kosa, na sijaweza. Alisema maneno machache na akaondoka. Aliyebaki na siku nyingi za kufikiri ni mimi. Nilifikiri nikiwa mbele ya ubao, nilifikiri nikisahihisha madaftari, na kila nilipopita ukumbini niliutazama ule mdomo uliofunguka nikaona aibu ambayo mwezi wa sita sikuiona. Niliogopa kupoteza ndoa. Lakini nikisema kweli yote, kulikuwa na kitu kingine pia: nilikuwa nimeanza kuwa mtu, mwalimu mwenye viatu vya ngozi, na sikutaka wakwe wanikute nimekaa chini nikigombea muhogo na watoto wa mchora mabango. Alasiri moja nilimfuata Mzee Shabani karoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Sikukaa. Nilimwambia kwamba ninaomba aniondoe kwenye picha ile. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kueleza, ya dini na ya wakwe na ya mila, lakini hakuuliza sababu, kwa hiyo yote yalinibaki mdomoni. Aliniangalia kwa muda, kama alivyomwangalia mtu atakayemchora baadaye. "Nisubiri mpaka kesho," akasema. "Rangi ya mkeka imeniishia."

Kesho yake baada ya swala ya adhuhuri nilijilaza chumbani, na juu ya ukuta yakanifikia maneno ya Mama Rehema. "Mwambie hapana," alikuwa akimwambia mumewe. "Picha ni yako, ubao ni wako." Mzee Shabani akajibu taratibu, "Ubao ni wangu. Sura ni ya kwake." "Na siku zile tatu nilizokesha naye ni za nani?" Nikasikia kopo likifunguliwa kwa bisibisi. Ningeweza kutoka wakati ule. Hatua kumi zingenifikisha ukumbini, naye alikuwa hajachovya hata brashi. Nimezipiga hatua hizo mara nyingi tangu siku ile, lakini wakati ule nilivuta shuka nikajifunika kichwa.

Nilipotoka jioni nilikuwa sipo. Mkeka ulikuwa umenyooshwa mpaka pale nilipokaa, na watu watano waliendelea kula kana kwamba hawajaona. Nilitegemea kwamba angewasogeza, afunge duara, au aweke birika mahali pangu. Hakufanya hivyo. Aliiacha nafasi ya mtu mmoja. Jioni hiyo nilipokuwa najiandaa kwenda uani kula, Rehema aligonga akaniletea sahani iliyofunikwa kawa. "Mama amesema ule hapahapa, usisumbuke," akasema, macho yake yakiwa kwenye sahani. Kuanzia siku hiyo chakula changu kilikuja chumbani, kingi kama kawaida, kitamu kama kawaida. Hakuna aliyenisema vibaya. Waliniamkia, waliniuliza habari za shule, walinichotea maji nilipochelewa. Nilikula peke yangu juu ya kitanda nikiwasikia wao upande wa pili wakicheka, na mara kwa mara nilitamani Mama Rehema anigombeze, maana aligombeza watu wake tu.

Mathias alikuja Oktoba na baba yake, wakapokelewa vizuri. Baba mkwe alipita ukumbini bila kugeuza kichwa. Mathias ndiye aliyesimama mbele ya picha, na kwa vile alikuwa fundi, mtu aliyezoea kuona kifaa gani kimetolewa kwenye mashine, akaniuliza, "Hapa alikuwa amekaa nani?" Nikamwambia. Alishangaa. "Nilikuambia mimi kwamba nitachukia?" akasema. "Ningeifurahia, Monika. Ningejua ulikuwa na watu wa kukuangalia." Tuliishi pamoja miaka arobaini na moja, na alikuwa mume mwema, lakini sidhani kama aliwahi kuniumiza kama alivyoniumiza siku ile kwa maneno yale ya upole. Nilimwomba asiseme kitu kwa wenyeji. Hakusema.

Niliondoka Desemba shule zilipofungwa. Jumanne alinibebea sanduku hadi stendi. Mama Rehema alinifungia maandazi kwenye kitambaa, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Usalimie huko uendako." Nilisubiri aongeze la pili, lile wanalosema watu wakiagana na mtoto wao, kwamba siku ukipata nafasi uje. Hakuliongeza, nami sikumwomba. Basi lilipowashwa moto ndipo Mzee Shabani alipotokea, kofia mkononi, jasho likimtoka, akanipitishia dirishani kifurushi bapa kilichofungwa kwa gazeti. "Utakitazama ukifika," akasema. Nikamwambia asante, baba. Gari likaondoka kabla sijapata neno jingine.

Nilikifungua Geita, katika nyumba ya wafanyakazi wa mgodi ambayo tuliishi miezi michache kabla mgodi haujafungwa na watu kutawanyika. Alikuwa amechora chumba changu, chumba cha pili kushoto, bila mtu ndani. Niliitazama mara moja, kwa muda ambao mtu anaweza kuvumilia kutazama jua, kisha nikaigeuza na kuisukuma nyuma ya kabati. Tulipohamia shambani kwa wakwe ikaenda nasi, bado imegeuzwa. Masika ya mwaka uliofuata ukuta wa jiko ulitoboka, na mama mkwe, akitafuta kitu cha kuziba, akauona ubao mzuri hauna kazi. Alizibia tundu, upande uliochorwa ukiwa nje. Niliuona siku hiyohiyo nilipotoka shuleni. Nilichohitaji kusema ni sentensi moja. Sikuisema, kwa sababu ningeulizwa ile ni picha ya nini na nani aliichora na kwa nini. Mvua ya kwanza ilibabua rangi, ya pili ikapasua tabaka za ubao, na kufikia mavuno tulikuwa tumeweka kipande cha bati. Mzee Shabani alipofariki, Rehema aliniandikia barua. Nilijibu kwa ukurasa mmoja wa pole na udhuru wa mitihani. Safari ya siku moja, nami sikwenda.

Basi hayo ndiyo niliyoingia nayo chumbani kwa Rehema siku ile ya msiba. Alikuwa ameketi kitandani, amenenepa, macho yamefifia kwa ukungu, na ilibidi Salma amwambie mimi ni nani. Kisha akapapasa shuka mpaka akaupata mkono wangu. "Kabula," akasema. "Umechelewa, mama amekwenda." Tulilia kidogo kama wanavyolia wazee, bila sauti. Tuliongea habari za watoto, za waliokufa, za kijana wa stesheni ambaye hakumwoa. Hakuitaja picha ya ukumbini. Mwishoni akasema, "Ile aliyokupa baba unayo? Za kwake zimebaki mbili tu humu ndani, nyingine zimeliwa na mchwa. Salma anazitafuta azipige picha kwa simu, aziweke pamoja."

"Ninayo," nikasema.

Sijui kwa nini. Nina miaka sabini na zaidi, sina mkwe wa kumwogopa wala kazi ya kulinda, na bado uongo ulitoka wenyewe, kana kwamba ulikuwa ukisubiri nje ya mlango tangu Agosti ile. Rehema alifurahi. Akamwambia Salma, "Umesikia? Utamfuata Geita."

Salma alikuja baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimekwisha andaa uongo mwingine, wa mchwa, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wameutaja. Lakini aliponiamkia na kukaa chini bila kuambiwa, akinyoosha miguu iliyochoka, nilimwona Rehema wa zamani kabisa, na nikashindwa. Nilimwambia yote, tangu siku ya sanduku la bati mpaka tundu la jikoni. Nilimwambia nafasi ile kwenye mkeka ilikuwa ya nani. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Nilidhani ataaga, na ningemwelewa. Badala yake alirudisha simu kwenye mkoba, akatoa daftari.

"Basi niambie ilivyokuwa, bibi," akasema. "Nitaandika."

Nikamweleza kitanda, godoro limekunjwa. Nikamweleza msumari ukutani nilipotundikia gauni la kazini, bila gauni. Nikamweleza alama ya pembe nne sakafuni lilipokaa sanduku langu mwaka mzima. Alikuwa akiandika haraka, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

"Na mlango?" akauliza.

"Mlango umefanya nini?"

"Babu aliuchora umefungwa, au aliuacha wazi?"

Nilifumba macho nikautafuta. Nilikiona kitanda, nikauona msumari, nikaiona ile alama sakafuni. Nilizunguka chumba kizima, ukuta kwa ukuta, na mahali ulipopaswa kuwapo mlango sikuona kitu. Salma alisubiri, kalamu ikiwa juu ya karatasi.

"Sikumbuki, mama," nikamwambia. "Niliitazama mara moja tu."

Akaandika hivyo.